Risasi Tano za Mzee Sulo

Jumamosi, 25 Oktoba 1986

Leo nimejua jambo ambalo sikutaka kulijua, na nimeapishwa nisilitamke. Basi naliandika.

Nilishuka chini na kapu la nguo chafu. Baba mkwe, Mzee Sulo, alikuwa kwenye meza yake ya risasi, kama kila Oktoba. Mzani mbele yake, kopo la baruti kulia, maganda ya shaba yamesimama kwenye ubao wa matundu kama mayai kwenye trei. Risasi sitini, bunduki tatu za kipimo kimoja — yake, ya mume wangu Leroy, na ya shemeji Duane. Msimu wa kulungu unafunguliwa tarehe kumi na tano Novemba, na katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuwinda kwa risasi ya dukani.

Nilikuwa napita kwenda kwenye mashine ya kufulia. Akaniita. Akasema nimsomee mshale wa mzani umesimama wapi, miwani yake imeshika ukungu.

Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati lake. Niliiona.

Nikamwambia mshale uko juu ya mstari. Akapunguza baruti kwa kijiko. Sasa? Bado. Sasa? Hapo ndipo nilipogundua kwamba haangalii mzani kabisa. Uso ameugeuzia ukutani, kwenye kalenda, kama mtu anayesikiliza redio. Nikanyoosha vidole vitatu mbele yake, nikamuuliza, Baba, hivi ni vingapi?

"Nikikutazama usoni sioni mtu," akasema. "Nikitazama ukuta nakuona sikio."

Katikati ya macho pameharibika, zimebaki kingo. Ndiyo maana anazunguka nyumba nzima bila kujigonga, anapasua kuni, anamimina kahawa — kumbe kidole kimo ndani ya kikombe! Tangu Pasaka. Mwenye duka la vifaa ndiye aliyempeleka kwa daktari wa mjini. Leroy aliambiwa mzee amekwenda kununua misumari. Daktari akasema hayaponi.

Kisha akaniapisha. Leroy asijue, Duane asijue. Nikaapa, kapu la nguo bado kifuani. Sijui kwa nini niliapa haraka vile.

Jumapili, 26 Oktoba

Kanisani Baba aliimba tenzi zote bila kufungua kitabu. Watu wakamsifu kwa kumbukumbu. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Chakula cha mchana — Joanne, dada yangu, akapiga simu tena kutoka Green Bay. Nyumba ya jirani yake inapangishwa. Shule anayopikia inatafuta mpishi wa pili. Nikamweleza Leroy. Akajibu vilevile anavyojibu kila mwaka: mzee akishindwa kujitunza tutampeleka nyumba ya wazee mjini, tutahama, hata kesho. Kabla ya hapo nisimsumbue.

Miaka kumi na mmoja nimeishi mwisho wa barabara hii. Baada ya kibaraza chetu ni msitu tu, mpaka ziwani. Gari langu lilikufa mwaka juzi. Leroy anaendesha greda la wilaya la kuondolea theluji barabarani, anaondoka na pikapu kabla sijaamka vizuri. Anaporudi anakula, anasinzia kwenye kiti.

Sasa nina neno moja mdomoni la kunifikisha Green Bay. Na nimelifungia mwenyewe.

Nimeosha vyombo. Nimevikausha. Nimeviosha tena.

Jumanne, 28 Oktoba

Sasa nashuka chini kila siku Leroy akishaondoka. Mimi macho, yeye mikono. Ila hata mikono anaanza kunigawia.

Leo amenifundisha fataki — kile kikofia kidogo kitakoni mwa ganda, kinachogongwa na sindano ya bunduki ili baruti ishike moto. Unakibana kwa mashine ya mkono iliyo mezani mpaka kilale sawa na shaba. Kikitokeza, hatari. Kikizama mno, hakilipuki. Halafu unapapasa kwa kidole gumba. Anasema jicho linadanganywa na mwanga, gumba halidanganywi.

Ana sheria zake. Kopo moja tu la baruti mezani. Maganda yakishajazwa, kabla ya kuweka vichwa vya risasi juu yake, unamulika tochi ndani ya kila moja: yote yalingane. Usizungumze unapopima. Nilizungumza mara moja tu, akamwaga zote ishirini nikaanza upya. Hakugomba. Alimwaga tu.

Jambo la ajabu — sikuchoka. Saa mbili zilipita kama dakika kumi. Nina miaka arobaini na saba na sikumbuki ni lini mtu alikaa chini akanifundisha kitu kwa sababu aliona naweza.

Tulipokuwa tunafunga ndipo akanieleza kuhusu kaka yake, Waino. Nyumba ya wazee alimoishia walimfunga kwenye kiti kwa mkanda ili asianguke. Kila Jumapili Baba akienda, Waino alikuwa anamwomba kisu cha kukatia ule mkanda. Miaka miwili.

"Sikumpa," akasema. Akazima taa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Leo nimemaliza ishirini peke yangu, mwanzo mpaka mwisho. Akazipitia moja moja. Gumba kwenye kitako. Halafu anatikisa sikioni. Halafu anaishika kiganjani kama anapima yai.

Ya kumi na nne akaitenga. "Hii ina njaa."

Nikaivunja kwa nyundo yake ya kung'olea vichwa, nikapima baruti. Punje tatu pungufu. Punje tatu! Zinaenea kwenye ukucha.

Nikamwambia Baba wewe ni mchawi. Akacheka mpaka akakohoa. Sijamsikia akicheka tangu tumzike mama mkwe.

Jumapili, 2 Novemba

Shemeji Duane amepiga simu kutoka Detroit. Atafika Alhamisi ya kumi na tatu. Aliongea na Leroy, mimi nikiwa nakunja nguo karibu na simu. Leroy akamwambia za mwaka huu zinang'aa kama za kiwandani, mkono wa mzee hauzeeki. Duane alichojibu kilimchekesha Leroy mpaka akapiga goti.

Baba alikuwa anakula uji wake wa semolina, zile chenga za ngano, macho yakielekea dirishani. Nikaendelea kukunja mashati ya mume wangu, na moyoni nasema, ni zangu. Ni zangu zote arobaini na mbili mpaka sasa.

Jumanne, 4 Novemba

Leroy alitoka kazini mapema, tukaenda kwenye shimo la kokoto kuzijaribu. Wote watatu, tumebanana kwenye pikapu.

Leroy alipiga tatu. Akatembea hadi kwenye karatasi ya shabaha, akarudi nayo ameinyanyua juu. Matundu matatu unayafunika kwa sarafu. Akamkumbatia baba yake. Akasema, mzee, umejizidi mwenyewe.

Baba hakupiga. Alisingizia bega. Akasema, mpe Marlene ajaribu moja. Leroy akaona ni mzaha, akanipa. Mimi kwa baba yangu nilikuwa napiga panya wa ghalani kwa bunduki ndogo, basi si mgeni sana. Nikapiga. Baba akauliza imeangukia wapi. Leroy akasema, kando ya zangu, upana wa vidole viwili. Bahati ya mwanzo. Baba akatikisa kichwa tu.

Tulipofika nyumbani Leroy akabaki anafunika gari. Ndipo nikamwambia Baba kwa sauti ya chini, pole, najua itakuuma mwaka huu kukaa nyumbani wenzako wakienda. Akageuka. Akaniuliza nani kasema anakaa nyumbani.

Nilidhani nimesikia vibaya. Sikusikia vibaya. Anakwenda. Kibanda chake cha kuvizia, bunduki yake, kama kila mwaka tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Anasema kulungu akisimama yeye atatazama pembeni yake na kumwona vizuri kabisa.

Na kama si kulungu, Baba?

Akapanda ngazi.

Alhamisi, 6 Novemba

Nitaandika kidogo.

Nilikuwa kwenye rundo la kuni, nyuma ya nyumba. Nimevaa koti langu la kahawia, nimeinama kuokota magome. Leroy na Baba walikuwa kibarazani wanakunywa kahawa. Nikasikia Baba anasema, yule kulungu jike amerudi tena kwenye kuni.

Halafu Leroy akacheka. "Baba, huyo ni Marlene."

Baba naye akacheka. Akasema anajua, alikuwa anatania tu, si unaona alivyonenepa kwa ajili ya majira ya baridi. Na mimi — nilisimama na magome mkononi, nikacheka pia. Kwa nguvu. Ili Leroy asitazame uso wa baba yake.

Maana mimi niliutazama. Haukuwa uso wa mtu aliyetania.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimemwomba. Nimemwomba kwa kila namna. Nimemwambia huko msituni kuna watoto wake wawili, kuna jirani, kuna watu wa mjini wasiojua hata mipaka ya shamba. Nimemwambia jana alikuwa ni mimi.

Alinisikiliza huku anapaka mafuta mashine. Kisha akasema maneno machache, na nayaweka kama alivyoyasema:

"Ukiwaambia, sitakulaumu, binti. Ila kule watakakonipeleka usije kunitembelea."

Nimekaa kwenye ngazi ya chini mpaka maji ya kufulia yakapoa.

Jumapili, 9 Novemba

Leo nilikuwa nimeamua. Baada ya ibada, Baba alipanda gari la mwenye duka, wana mazungumzo yao. Mimi na Leroy peke yetu kwenye pikapu, mwendo wa nusu saa. Nikasema moyoni, tukivuka daraja naanza.

Tukavuka daraja. Nikafungua mdomo, na Leroy akanitangulia. Akasema amekuwa akiwaza. Kwamba kweli nimechoka, anaona. Kwamba pengine tusingoje mpaka mzee ashindwe kabisa. Kikitokea kisingizio chochote, basi, tunahama majira ya kuchipua. Akanishika mkono — Leroy! Mkono wangu juu ya goti lake, barabara nyeupe mbele.

Kisingizio chochote. Nilikuwa nacho ulimini.

Na sikuweza. Ningesema, nisingejua maisha yangu yote kama nilisema ili mtu asife au ili nipate nyumba ya Green Bay. Na Baba angejua jibu kabla yangu.

Nikasema, tutaona. Akauachia mkono wangu, akabadilisha gia.

Kwa hiyo siwezi kusema, na siwezi kunyamaza. Imebaki njia moja. Nimeiwaza tangu Ijumaa na naiogopa.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimefanya.

Baba hulala baada ya chakula cha mchana, saa nzima, mlango wazi. Nilishuka na soksi bila viatu.

Zake za kwenda nazo msituni ni tano. Kila mwaka hubeba tano tu, mfuko wa kushoto. Nilitakiwa nizimalize leo. Nimezimaliza — bubu zote tano.

Haikuwa rahisi. Ganda bila baruti angelijua kwa kulitikisa. Nikajaza semolina, ile ile ya uji wake, nikapima kwenye mzani punje kwa punje, nikaongeza kidogo mpaka mlio ukafanana. Shida kubwa ilikuwa fataki. Nzima siwezi kuweka: italipuka na kusukuma kichwa cha risasi kikwame ndani ya mtutu, hapo ndipo bunduki hupasuka. Watu husema unaiua kwa mafuta. Baba mwenyewe alinionya — mafuta huua moja, nyingine inafufuka.

Nikachukua zilizokwisha kutumika, kwenye kopo la takataka. Hizo zina kovu katikati, pale sindano ilipogonga. Gumba lake lingeliona kovu mara moja. Nikatoa kipande cha ndani, nikaegemeza juu ya chuma, nikagonga kovu kutoka ndani kwa msumari butu. Taratibu, kwa nyundo ya saa, ile ndogo ya mafundi saa. Sita ziliharibika. Tano zikanyooka. Nikazisugua kwa siki ili zisinuke moto, nikazibana kwenye maganda.

Nikafumba macho, nikazipapasa. Laini kama mpya.

Ni kazi bora kuliko zote nilizofanya kwenye meza ile. Zile sita nimekwenda kuzifukia nyuma ya sauna, banda letu la kuogea mvuke.

Niliporudi nilimsikia Baba ameamka, yuko kwenye simu, anaongea na mwenye duka kwa sauti ndogo. Aliponisikia akakata.

Jumanne, 11 Novemba

Amezipokea. Alikaa kwenye stuli yake, nikamwekea moja moja kiganjani.

Gumba. Sikio. Kiganja. Akanusa ya tatu.

Akazitia zote mfukoni, upande wa kushoto, akafunga kifungo. Akasema, "Kazi safi, Marlene."

Siku zote huniita binti. Leo ndiyo mara ya kwanza anatamka jina langu.

Alhamisi, 13 Novemba

Shemeji Duane amefika na masanduku matatu ya bia na kikohozi. Theluji inaanguka tangu asubuhi, tayari imefika magotini. Leroy hayuko, greda halipumziki.

Duane alizitandaza risasi zake ishirini mezani, akawa anazigeuza kama bibi harusi anavyogeuza pete. Akaniambia, shemeji, tazama hii, tazama ilivyokaa. Mzee huyu akifa nani atatutengenezea? Baba akasema, hafi mtu. Wakacheka.

Nilikuwa nakanda unga. Nilikanda mpaka ukawa mgumu, ikabidi niutupe.

Ijumaa, 14 Novemba

Sauna kwa wanaume, supu ya samaki, wakalala mapema. Nimewatengenezea mikate ya nyama ya kubeba kesho. Leroy na Duane wataondoka kabla ya mapambazuko, vibanda vyao viko ng'ambo ya kinamasi. Cha Baba kiko karibu, mwendo wa dakika ishirini. Duane amesema theluji ni nyingi, shemeji, msindikize mzee mpaka kibandani halafu urudi kulala.

Risasi zote zimekwisha kugawanywa. Za Baba hazitaua mtu. Najirudia hilo. Hazitaua mtu. Atakaa na bunduki yake, atabonyeza, haitalia, ataona aibu au atanikasirikia, na wote watarudi kula. Ndilo lililonitia nguvu ya kufanya.

Jumamosi, 15 Novemba. Kibandani

Saa mbili kasoro asubuhi. Naandika kwa penseli, glavu moja nimevua. Sikurudi nyumbani.

Tulitembea yeye nyuma, mkono begani kwangu. Hakuniuliza njia hata mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa nazama. Tukafika, nikawasha jiko dogo la mafuta ya taa, nikamwekea blanketi magotini. Nikasema, basi Baba, nitakuja saa sita. Akasema, keti.

Nikaketi. Akatoa karatasi ndani ya koti, akanipa. Kibali cha kuwinda kulungu. Mwandiko wa mwenye duka. Jina langu — Marlene Ylitalo.

Ndiyo ile simu ya Jumatatu.

Alisema yale aliyotaka kusema huku uso ameuelekeza kwenye miti, bila kupumzika, kama mtu aliyeyakariri. Kwamba siku ile ya kuni aliniona kulungu. Si mzaha, aliona kulungu jike, masikio na yote, na mkono wake ulisogea kutafuta bunduki ambayo haikuwepo. Hakulala siku tatu. Nilipomwomba kesho yake alikuwa bado anashindana na nafsi yake, akanijibu vibaya, na analijutia lile neno. Kibanda hiki alikijenga na Waino. Leroy na Duane wana vyao. Hiki anampa yule anayejua kuitengeneza risasi. Mchana huu wakija kula atawaambia wote wawili yeye mwenyewe, macho na kila kitu, na kwamba za mwaka huu zote ni zangu.

"Wewe utapiga," akasema. "Mimi nitasikiliza."

Akanilazia bunduki magotini. Akafungua kifungo cha mfuko wa kushoto, akanihesabia tano mkononi.

Nilipaswa kusema pale pale. Nilikuwa na pumzi ya kusema. Nikazitia bundukini, moja moja, na kila moja iliingia laini kabisa.

Sasa tumekaa. Jiko linanong'ona. Baba anatabasamu kidogo, macho kwenye miti asiyoiona. Kwa mbali, upande wa kinamasi, mlio mmoja, halafu kimya. Akasema, huyo Duane. Akasema, yako hiyo risasi.

Nitamwambia likizimika jiko. Nitamwambia tukinywa kahawa.

Saa tatu na robo.

Tumekunywa kahawa. Sijamwambia.

Saa nne na kitu.

Alikuja. Baba alimsikia kabla yangu, akaniweka kidole gotini. Dume, pembe pana, akatoka kwenye misonobari akasimama ubavu wazi, hatua sitini. Mvuke puani. Sijawahi kuona kitu kimetulia namna ile.

Niliinua. Nisipobonyeza, Baba atajua nimeshindwa. Nikibonyeza, atajua nilichofanya. Yote hayo yalinipitia, na bado mkono wangu ulitaka kile kiumbe kama njaa. Nikabonyeza.

Ta.

Dume akainua kichwa. Baba akanishika kifundo cha mkono. Akanong'ona nisifungue, nielekeze mtutu kule kule, tuhesabu thelathini, pengine moto umechelewa. Tukahesabu pamoja. Yeye kwa midomo, mimi kwa machozi. Kwenye kumi na tisa kulungu aliondoka. Hakukimbia hata.

Akanyoosha mkono. Nikafungua bunduki, nikampa ile risasi.

Gumba kwenye kitako. Akalipata kovu jipya la sindano, akaafiki kwa kichwa: imegongwa vizuri. Akatoa koleo mfukoni. Akabana kichwa cha risasi, akakizungusha, akakizungusha, kikachomoka. Akamimina kiganjani. Akasugua kwa kidole. Kisha akaonja.

Sitasahau jinsi alivyoonja. Polepole, kama asubuhi zote.

"Zote tano?" akauliza.

Nikasema zote tano.

Nilisubiri anifukuze, anipige, aseme tena lile neno la nisije kumtembelea. Akageuza lile ganda vidoleni, akarudi kwenye kitako, akapapasa pembeni mwa kovu, huku na huku.

"Kovu la zamani," akasema. "Ulilitoaje?"

Nilimweleza. Msumari butu, nyundo ya saa, siki. Aliuliza niliegemeza juu ya nini. Nikamwambia. Akauliza ngapi ziliharibika. Nikasema sita. Akavuta pumzi kwa pua, na sijui — naapa sijui — kama ilikuwa hasira au kitu kingine.

Kisha akainua kichwa kwa upande wa kinamasi. Amesikia hatua. Nikatazama: kofia ya rangi ya chungwa, mbali bado, anapambana na theluji. Nikamwambia ni Leroy, anakuja kutuangalia.

Baba hakuangusha semolina. Ameishika bado, ngumi imefungwa juu ya goti. Akaniambia dume wa ukubwa ule hatoki eneo lake, atazunguka kilima na kurudi kabla ya saa sita.

"Muombe mumeo risasi moja," akasema.

Nikamuuliza nitamwambia ya nini, nina zangu nne ndani. Amerudi kutazama miti.

Leroy amefika kwenye mti ulioanguka. Amesimama kupumua, anapunga mkono, anauliza kwa ishara kama tumepata. Anadhani bunduki iliyo magotini mwangu nimemshikia tu baba yake. Hatua mia moja. Themanini. Naweka penseli mfukoni, nimwombe.